Banda Lililoshonwa

Asubuhi yao ya mwisho ilianza kama nyingine zote: jogoo aliwika nusu, akagonga kichwa kwenye bati la banda, akanyamaza.

"Kokori-ngo!" mzee akamwiga kutoka kitandani. "Mteja wako huyo, Bibie. Nguo imembana."

"Anajifunza adabu," mkewe akajibu, akitafuta kandambili kwa mguu. "Humu ndani wako wanaopaza sauti bila kuinua hata tofali."

Mzee akajifunika shuka. Hapo alipatikana.

Maana mwashi ni yeye. Nyumba za watu alizijenga mtaa mzima. Banda la kuku wa mkewe lilikuwa la kesho. Alitaka matofali, alitaka msingi, alitaka zege likauke kwanza. Nguchiro hakusubiri zege. Alipobeba kuku wa tatu, mkewe, mshonaji tangu usichana wake, ambaye mtaa ulimwita Mama Vipimo, aliifunika cherehani, akaning'iniza futi yake ya kitambaa shingoni, akatoka uani.

Ndipo majirani walipopata sinema ya bure. Alimkamata tetea, akambana kwapani, akampima kifua, mgongo na kimo.

"Tulia, mama. Usijikaze tumbo, nitajua tu."

Akaandika kwa chaki ukutani. Kila kipimo akakiongezea vidole viwili, kama alivyowafanyia wateja wanaopenda kula.

Mzee alikaa kizingitini, akicheka mpaka akakohoa. "Na mifuko utamwekea?"

"Nitakutia wewe mfukoni. Njoo ushike mbao."

Akaja, akashika. Zilikuwa mbao za makasha ya matunda, mkewe akazikata kwa mstari wa chaki. Wavu hakuupigilia misumari; aliushona kwa waya, mshono juu ya mshono, nguchiro hapenyezi hata ukucha. Banda akalisimamisha juu ya miguu minne, sakafu ikawa usawa wa magoti. Mzee alilizunguka kutafuta kosa. Hakuliona, na likamuuma.

Kosa alilionyesha jogoo, alfajiri ya kwanza. Alikuwa amepimwa amenyamaza. Nani humpima mteja akiimba? Jogoo akiwika shingo hurefuka, kifua hupanda, na paa lilikuwa linamngoja hapo hapo.

"Inua paa," mzee akawa anasema kila siku.

"Ainame yeye. Kwani wewe mlangoni huinami?"

Basi asubuhi ile ya mwisho mkewe alikunywa chai amesimama, akawamwagia kuku pumba, akamwambia mzee kofia yake imekaa kama sufuria iliyopinduka, akaketi kwenye cherehani. Kabla ya adhuhuri cherehani ilinyamaza. Mzee akadhani uzi umekatika.

Haukuwa uzi.

Watu walikuja, watu wakaondoka. Jogoo aliendelea kugonga bati. Upanga wake mwekundu wa kichwani ulianza kuchubuka, damu ikawa inamtiririka hadi jichoni. Mzee alichukua nyundo.

"Baba, usiliguse," binti yake akamwambia. "Ni kazi ya mwisho ya mikono ya mama."

Mzee alilijua hilo kabla ya kuambiwa. Alisimama mbele ya banda, akaona mistari ya chaki bado iko kwenye mbao, akairudisha nyundo. Kesho yake vilevile. Kumwambia mtu amekosea naye ana mdomo wa kukujibu ni mchezo. Kumwambia akiwa kaburini ni ufidhuli. Lakini jogoo naye atakufa kwa heshima hiyo.

Siku moja akaja mwuguzi wa mtaa wa pili kuulizia kitambaa chake. Alimkuta mzee uani, nyundo mkononi, anatazama bati.

"Babu, hilo banda limekukosea nini?"

Mzee akamweleza, kwa maneno machache, kama kawaida yake. Mwuguzi akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mimi alinishonea gauni la harusi likanibana. Nikaogopa kusema. Nikamwambia, bibi, limenikaa sawasawa, na huku sipumui. Akachukua wembe, akalifumua ubavu mzima mbele yangu."

"Akasema nini?"

Mwuguzi akamwambia. Mzee akamwomba arudie. Kisha akavuta kigoda, akapanda, akang'oa msumari wa kwanza wa paa, polepole, ili mbao ya mkewe isipasuke. Mwuguzi akamshikia kigoda.

Na maneno ya Mama Vipimo, bila kuongeza wala kupunguza, yalikuwa haya:

"Nguo ikikubana niambie, mwanangu. Mshono ni wangu, lakini pumzi ni yako."