Jiko Lililojengwa kwa Kupigiwa Kelele Ukutani

Haya jamani, kamwene! Wa nyuma sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize, maana huko mbele kuna moshi.

Mi kwetu Iyunga, Mbeya, fundi matofali. Shule niliipita kwa nje nikiwa naenda kukanyaga udongo. Mke wangu ndo wa Kalenga, huku Iringa, na huku ndo likanikuta shirika moja kubwa la misaada, la kimataifa, ofisi yao nyumba ya kupanga pale Kihesa. Walitaka fundi wa majiko banifu. Kazi yenyewe inaitwa kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Wee! Hilo neno nililitafuna wiki nzima, kila likitoka linataka kuondoka na jino. Mpaka bosi wetu, binti mmoja mpole, akanionea huruma.

"Fundi, sikiliza. Mafiga matatu yanakula kuni nyingi. Kuni zinamaliza miti. Miti ikiisha, mvua inakuja inavyojisikia. Wewe jenga jiko linalokula kidogo."

Kumbe adui yangu ni mafiga! Nikakaza mkanda.

Tukaita akina mama wa kijiji. Wakasikiliza vizuri, soda wakanywa. Akasimama jirani wa mama mkwe wangu, mama mmoja ambaye akifungua mdomo Kalenga, Mbeya wanafunga madirisha.

"Mkwe wetu, maneno yako matamu. Kwa mama mkwe wako umejenga?"

"Bado, mama."

"Basi akishapika yeye, ndo utuite."

Wakacheka, wakashika njia. Bosi akaniambia pembeni, "Fundi, wageni wa makao makuu wanakuja. Tusipokuwa na hata nyumba moja ya mfano hapa, mradi unahamishiwa wilaya nyingine." Mi nikaangalia kile kilima nyuma ya kijiji, kimebaki na upara kama wa babu yangu, nikasema hapana, hauhami.

Sasa, mama mkwe wangu nampenda kuliko pilau. Nilipougua mapafu alikuwa ananiletea uji wa ulezi mzito hivi, kijiko ukikisimamisha kinapiga saluti. Lakini aliuacha mlangoni, mke wangu ndo auingize. Adabu yetu hiyo: mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, wala hamuongei uso kwa uso. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi kumpisha mwenzie. Siku moja tuliingia wote wawili, yeye kulia mi kushoto, kila mtu anamsubiri mwenzie apite. Tulitoka humo mahindi yameshakomaa.

Kwa hiyo nikamtuma mke wangu. Akarudi na jibu.

"Mama anasema hataki. Mahindi yake ya mbegu yako darini, juu ya mafiga. Moshi ndo unawafukuza wadudu. Ukiondoa moshi, mwakani apande nini, tabianchi?"

Nikakuna kichwa. Kweli hiyo. Nikatuma tena: bomba la moshi nitalipitisha chini ya dari, mahindi yatapata joto yabaki makavu, na mbegu nitampakia majivu mwenyewe. Siku ya tatu akakubali. Ila sharti: adabu ni ileile, mkwe haingii.

Basi jamani, mi ndo fundi wa kwanza duniani kujenga jiko kupitia ukutani. Nimesimama nje na baridi ya mwezi wa saba, ile kuku wanataga wamevaa sweta. Mama mkwe yuko ndani na udongo mpaka viwikoni. Mke wangu kasimama mlangoni, katikati yetu.

"Mwambie mama udongo uwe kama ugali, usiwe kama uji!"

"Mama, anasema..."

"Nimesikia, mi si kiziwi! Mwambie ugali nimeanza kusonga hajazaliwa!"

"Anasema..."

"Nimesikia na mimi!"

Hivyo mpaka jioni, na mke wangu ndo aliyekauka sauti. Mwisho nikapiga kelele, "Mdomo wa kuni ukae upande wa kushoto!" Nilitaka uwe mbali na mlango, maana upepo wa mtoni unaingia pale kama una ufunguo. Nikaagiza likauke, lisiguswe na moto mpaka wageni waje.

Wageni wakaja, magari yametapakaa mpaka mbuzi wamekosa pa kukaa. Kijiji kizima uwanjani, yule jirani mbele kabisa. Mama mkwe kaingia jikoni na kanga mpya, akawasha. Mi niko nje natabasamu meno thelathini na mbili, na mengine ya kuazima.

Mara moshi ukatoka mlangoni. Ukatoka dirishani. Ukatoka kwenye matundu ya bati. Kwenye bomba hakuna kitu! Paka akatoka anapiga chafya. Hapo ndo ikanijia: kushoto kwangu mi niliyeko nje naangalia ukuta, kwake yeye aliyeko ndani anaangalia nje, ni kulia! Akaweka kushoto kwake. Mdomo wa kuni umeangalia mlango, upepo unaingia mzimamzima, unausukumia moshi kwenye sufuria.

Bosi kashika kichwa. Mke wangu kafungua mdomo apeleke ujumbe, moshi ukamjaa, sauti haitoki. Ndani kikohozi, kikohozi, halafu kwa mara ya kwanza toka nioe, mama mkwe akaniita mwenyewe.

"Mkwe! Ingia! Adabu tutaendelea nayo nikipona!"

Nikaingia mbio na jembe. Nikatoboa upande wa pili, mdomo wa zamani nikauziba kwa matofali na udongo. Jiko likavuta pumzi, mvuuu, moshi ukapanda bombani. Kukawa kweupe. Nikamwona mama mkwe, machozi na masizi uso mzima, na yeye ananiangalia mi vilevile. Tukaangalia chini wote. Halafu akamgeukia mke wangu, mi niko hapohapo hatua moja.

"Mwambie mume wako anawe mikono, ugali unaiva."

Tukatoka nje, wageni wanapiga makofi. Bosi akawauliza akina mama, "Haya, nani anafuata?" Wanaangaliana. Yule jirani akaruka juu:

"Mimi! Na anijengee huyuhuyu mkwe wa mwenzangu, maana wa kwangu bado namheshimu!"