Siku Tulipopasua Ubao wa Baba

Mwanangu, siku nyingi za ujana wangu zimenitoka kichwani, lakini ile ya kupasua ubao wa baba naiona mpaka leo. Ilikuwa hapa hapa Kalemie, wakati ule mji tukiuita Albertville, na uhuru wetu ukiwa bado mchanga. Treni zilikuja zikipenda, na mbao za kununua zilikuwa hazionekani.

Baba yetu, aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote, alikuwa amefariki. Juu ya dari ya jikoni aliacha ubao mmoja wa mvule, mrefu, mpana, mnene kupita ngumi yangu. Hakumwambia mtu ni wa nini. Mimi niliutaka uwe meza ya kukatia vitambaa, maana cherehani yangu ndiyo iliyonilisha mimi na mama. Yaya Ngoy, kaka yangu mkubwa, aliutaka uwe mlango, kwa kuwa mke wake alikuwa na mimba na nyumba yao mpya ilifungwa kwa mkeka. Kila mmoja alikuwa na haki, na ugomvi wa namna hiyo ndio mgumu kuliko yote. Kama ungekatwa katikati, yeye angepata mlango wa mbuzi na mimi kimeza cha mtoto. Tukanuniana tangu matanga. Majirani nao wakaanza kuchagua upande, wamesahau kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.

Mama akachoka. "Nililia matanga ya baba yenu," alisema. "Sitaki kulia ya pili na ninyi muko wazima. Mubebe ile ubao, muende kwa Papa Kisimba."

Papa Kisimba alikuwa rafiki wa baba, seremala aliyestaafu kazi ya reli. Nyuma ya nyumba yake, chini ya bati, alikuwa na mashine aliyoiunda mwenyewe: magurudumu mawili, moja juu, moja chini, na msumeno mwembamba kama mkanda ukizunguka juu yake, ukivutwa na injini ya kinu kibovu cha mahindi. Usione vyaelea, mwanangu, vimeundwa. Nilisimama nikiishangaa, hasira ikanipungua.

Alitusikiliza wote wawili, kisha akausimamisha ubao kwa ubavu wake.

"Hatukate urefu," alisema. "Tunapasua unene. Kila mutu atapata ubao muzima."

Hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria hivyo. Lakini mzee hakuanza. Alitafuta kipande cha mti kisicho na kazi, akachora mstari, akakipitisha kwenye msumeno. Nikaona msumeno unavuta kushoto, naye anakigeuza kidogo kidogo mpaka meno yakaufuata mstari. Akazima mashine, akafunga kwenye meza ya mashine kibao cha kuegemezea ubao wetu, kwa mshazari ule ule aliouona.

Yaya Ngoy hakuwahi kuwa na subira. "Papa, ile umefunga imepinda! Utaharibu ubao ya baba!"

Papa Kisimba alicheka mpaka akakohoa. "Kwa macho yako imepinda. Kwa musumeno njo sawa. Kila musumeno iko na fasi yake ya kulalia, mutoto wangu. Ukiilazimisha, inatoka kwa mbavu ya ubao." Kisha akatutazama mmoja mmoja, uso wake haucheki tena. "Na watu njo vile vile. Baba yenu alikuwa mukali sana. Tulipatana naye sababu nilijua anaegemea wapi. Ninyi mulilelewa nyumba moja, hamujuane bado?"

Akageukia injini. Akawasha.

Ah, mwanangu, laiti ungeona! Mzee yule hakusukuma. Aliuacha msumeno ujilie kadiri ya njaa yake, na sauti ya injini ikibadilika, mikono yake ilipunguza kabla sisi hatujasikia kitu. Yaya Ngoy alipokea upande wa pili, akifuata mwendo wa mzee. Ubao ulipoachana, ukawa mbao mbili za unene mmoja, mistari ya mti ikitazamana. Nilipiga makofi kama mtoto.

Papa Kisimba alipopangusa masizi ya jikoni, ubao mmoja ukaonekana una ufa. Mimi nikajiandaa kununa upya, maana kwetu mkubwa huchagua kwanza. Yaya Ngoy akapitisha kiganja juu ya mbao zote mbili, akauinua ule wenye ufa.

"Huu njo wangu," alisema kwa ukali, kama ananigombeza. "Kitambaa yako ingeshikwa humu. Mulango itavumilia."

Nililia mbele yao, vumbi la mbao usoni.

Basi shika neno langu. Usimhukumu mtu kwa mdomo wake kabla hujajua anaegemea wapi. Mjaribu kwa jambo dogo, umsogelee kidogo. Huo si unyonge, ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Mdomo wa Yaya Ngoy ulinichoma mpaka uzee wake, lakini mkono wake haukuninyima kitu.

Mungu akujalie ndugu wa kugombana nao na kupatana nao. Na siku ya kugawana, akupe moyo wa kuchukua ule wenye ufa.