Sauti ya Papa Kifua

Cibalonza alipogonga mlango wa Bagula kule Shively, pembeni mwa Louisville, mwaka 2014, alikuwa amebeba katoni ya samaki wakavu na nia moja tu: asirudi nayo. Mzee akafungua, akanusa, akauliza bei. Alipotajiwa, akashika kifua, akarudi nyuma hatua mbili, akauegemea ukuta na kusema kwa sauti nzito inayotetemeka:

"Binti yangu, kwa bei hiyo unataka kuniua mbele ya watoto wangu?"

Watoto hawakuwepo. Alikuwepo mke wake jikoni, na hata hakugeuka. Cibalonza alicheka mpaka akapunguza bei, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Alipofika chini ya ngazi ndipo akili ikamrudia. Mtu aliyeweza kumpunguzisha yeye bei kwa kushika kifua, angeweza kufanya mengi mbele ya ukumbi uliojaa. Akapanda tena.

"Papa, ile sauti uliitoa wapi?"

"Kwa sinema ya Wahindi, mama. Miaka makumi mbili na tano nilikuwa mutafsiri."

Bagula alianzia mtaa wa Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, akifagia ukumbi wa video. Siku moja mtafsiri wa ukumbi, yule wa kuwasemea waigizaji kwa Kiswahili, alishikwa na homa ya matumbo, watu wameshaketi, mwenye ukumbi akampa Bagula mikro, kile kipaza sauti. Kihindi hakukijua. Maneno kama kumi aliyapata kwa mwenye duka la vitambaa. Mengine yote aliyasoma kwenye nyuso za waigizaji. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hakuna aliyejua zaidi yake.

Katika filamu zile kulikuwa na mwigizaji mmoja wa masharubu mazito ambaye hakuwekwa kamwe kwenye bango. Alipokuwa kijana alikuwa karani anayepigwa kofi na tajiri. Nywele zilipoanza kukimbia akapanda cheo, akawa inspekta anayefika vita vikiwa vimekwisha. Baadaye akawa daktari wa kuvua miwani na kutikisa kichwa, kisha jaji, na mwisho, kwa miaka mingi, baba. Hakuimba, hakucheza, hakupendwa na msichana yeyote. Kazi yake ilikuwa kushika kifua na kufa kabla ya mapumziko, ili shujaa apate hasira ya kuimaliza filamu. Watu wakamwita Papa Kifua. Na kwa kuwa sauti yake ilikuwa ya Bagula, jina likamhamia Bagula.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ni ile ambayo mzee huyo anakufa kitandani kwa dakika nne nzima, ameshika mkono wa kijana, anaongea bila kupumzika. Mtafsiri hawezi kunyamaza dakika nne. Bagula akampa wosia:

"Mwanangu, nyumba sikuachii, imechomwa. Ng'ombe sikuachii, wamechukuliwa. Nakuachia jina ambalo halijamliza mtu. Popote watakapokuuliza wewe ni nani, litaje bila kuinama."

Ukumbi ulilia Kadutu, ukalia tena katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, chini ya turubai na jenereta. Kisha Bagula akaletwa ng'ambo, Louisville, akapewa kazi ya kukunja maboksi ghalani, na hakuna aliyemwomba sauti.

Cibalonza hakuyasikiliza hayo kwa kujifurahisha. Walikubaliana palepale: yeye kumbi na projekta, mzee filamu na koo lake, mapato nusu kwa nusu.

Louisville ilijaa mara tatu. Mwaka 2015 wakaenda Columbus, ukumbi wa karibu na chuo kikuu, na huko ndiko mambo yalipoharibika. Wakati wa zile dakika nne, watu wazima wakipangusa macho, kijana mmoja nyuma alicheka. Aliitwa Ganza, mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, mtafiti wa udongo pale chuoni. Watu walipotoka akamfuata Bagula kwa adabu.

"Papa, unisamehe. Chini ya picha kuna maandishi ya Kiingereza. Nimeyasoma. Yule mzee haachi wosia. Anaungama. Shamba lote alimwibia ndugu yake, na huyo kijana ni mtoto wa huyo ndugu."

"Dakika ine zote?"

"Zote. Mwishoni anaomba maji."

Cibalonza akadakia.

"Bon, maandishi yako chini, tutafunika chini. Kitambaa cheusi, imeisha."

"Watoto wetu banasoma, mama," Bagula alisema. "Macho yao utafunika na nini?"

Hilo ndilo lililomkaa mzee rohoni. Maboksi yalikuwa kazi ya mikono. Jina lake lilikuwa limesimama juu ya ile sauti peke yake, na mtafsiri akishaitwa mwongo, hana pengine pa kusimama. Akamwomba Ganza amwandikie maneno ya kweli kwenye karatasi. Ukumbi wa Kenmore, nje kidogo ya Buffalo, ulikuwa umeshakodiwa.

"Papa, batu banakuja kulia," Cibalonza alimwambia garini. "Ukiwapa mwizi, nani atalia?"

"Wenye waliibiwa."

Kenmore, mzee wa masharubu alipolala kitandani, Bagula alisoma karatasi: "Shamba si langu. Nilimfukuza ndugu yangu usiku wa mvua." Watoto waliokuwa wakisoma chini ya picha waliridhika. Wakubwa wakaanza kunung'unika.

"Mutafsiri amelewa!"

"Eh, turudishie Papa Kifua yetu!"

Mama mmoja wa miaka sabini, Nyirarukundo, akasimama mbele ya projekta, uso wa yule anayekufa ukamwangukia kwenye kitenge.

"Papa Kifua. Bwana yangu alikufa Nyarugusu, ulimi ulikuwa umekwisha kufunga. Mutoto wetu mukubwa akasema yale maneno kwa nafasi yake, tukajibu amina. Leo unatuambia yalikuwa ya mwizi?"

Bagula aliweka karatasi chini.

"Hapana, mama. Mwizi ni ule wa picha. Alikuwa anasema yake, mimi sikuwa nasikia. Yale ya bwana yako ni yangu. Niliyatunga mimi, Kadutu, na sikuwa hata na mutoto."

"Donc uko nayo bado?"

"Niko nayo."

"Basi uyaseme. Na huyu Muhindi mumutoe."

Watu wakacheka, na Cibalonza akazima projekta. Bagula aliyasema yale maneno taa zikiwaka, bila mikro, uso wake mwenyewe ukionekana. Walilia kuliko Louisville.

Mwaka ule ulipoisha, Bagula alikuwa akiitwa harusini na msibani katika miji yote mitatu, akisemea mababa waliokufa, wanaoumwa na waliobaki Kongo. Walimpigia simu moja kwa moja na kumtumia gari. Filamu hakuna aliyeiulizia. Ganza alimtumia jina halisi la mwigizaji pamoja na filamu zake nyingine. Bagula aliitazama moja kidogo, akaizima.

"Siwezi tena kumutafsiri," alisema. "Sasa kila akifungua kinywa, minajua anasema yake."

Cibalonza alijaribu kumkumbusha mapatano.

"Nusu kwa nusu, Papa."

"Nusu ya nini, mama? Kilio haina tiketi."

Hakubishana, kosa lilikuwa lake, alifunga mkataba wa mapato ya kumbini tu, na sasa koo la mzee lilitembea nje ya kumbi. Projekta aliliuzia kanisa moja la Columbus, kwa bei iliyozidi ile aliyonunulia. Filamu, ambazo mzee hakuzitaka tena, zilimbakia Cibalonza.