Pale Kitabu Kinapofunguka Chenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sindano wala gundi. Bruda msimamizi wa karakana ya kujalidi vitabu, katika misheni moja ya milimani huku Mbinga, alinipa kitabu chakavu akaniambia nikisimamishe mezani kwa mgongo, yaani ule upande ulioshonwa, kisha nikiachie. Kikaanguka wazi katikati.

“Umeona?” akasema. “Hapo ndipo waliokisoma walipokaa sana. Mshono umelegea hapo kuliko pengine. Anza kushona hapo.”

Kujalidi ni kukifumua kitabu kilichochakaa, kushona upya mafungu ya karatasi kwa uzi uliopakwa nta, kupaka gundi mgongoni, kukibana kati ya mbao mbili hadi kikauke, halafu kukivika jalada jipya. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo. Nilikuwa kijana, na kila kilichopita mezani nilikisoma. Nilitaka ngumi, bastola na wezi wanaokimbizwa. Mwandishi akianza kueleza mvua ilivyonyesha, naruka kurasa. Hadithi za mapenzi nilizishona harakaharaka nisionekane nimezishika.

Baadaye nilihamishiwa Mbamba Bay, katika shule moja ya bweni. Unyevu wa ziwa ulinitesa: ukungu juu ya majalada, na mende walioipenda gundi ya muhogo kuliko mimi nilivyopenda usipa, dagaa wa kule. Mwalimu Mkuu, mtu mkali, alinikuta nasoma riwaya saa ya kazi.

“Wewe una mke na mtoto,” akasema. “Soma kitu cha kukusaidia.”

Nikamtii. Miaka mingi nikasoma vitabu vya kilimo na maisha ya viongozi, nikaanza hata kuwacheka wasoma riwaya. Jioni nilimsomea mke wangu Osmunda habari za magonjwa ya kahawa, nikafoka juu ya bei ya mbolea na uvivu wa majirani. Yeye alisubiri nimalize, kisha akaniuliza, “Umekula lakini?”

Sasa nimestaafu. Osmunda ametangulia mbele ya haki, nami nakaa kwa binti yetu Batilda, mwalimu, hapa Mbinga mjini. Na macho haya ya miwani yanasoma nini? Mapenzi. Nasema bila kuinamisha kichwa. Nasoma mapenzi mchana kweupe, barazani, jalada likiwa juu, na anayepita aone. Zile mvua nilizokuwa naziruka, sasa nazisoma mara mbili. Ujanani nilisoma ili nijue mwisho. Mwisho sasa naujua. Nataka kusikia watu wanavyozungumza kabla haujafika. Ninyi vijana mnaodhani mzee hupoa kama uji, subirini zamu yenu.

Batilda hakupendezwa. Siku moja majirani wa jumuiya walikuwa waje kusali kwetu, nikamkuta anapanga riwaya zangu kwenye boksi. Mezani alibakiza kitabu cha sala na kingine cha kumwandaa mtu kufa vizuri.

“Baba, nisamehe,” akasema, “lakini umri huu ni wa kusali. Watu wanasema. Hizi nitawapelekea wanafunzi shuleni.”

“Nimesali asubuhi, na jioni nitasali. Mchana ni wangu.”

“Mzee mzima na hadithi za wachumba?”

Hasira ilinipanda. Nilimwambia hakuna atakayenichagulia cha kusoma, si padre, si mwenyekiti wa jumuiya, wala si mtoto niliyemfundisha mwenyewe a e i o u. Nilishamtii Mwalimu Mkuu mmoja, inatosha. Kisha nikamwambia atoe boksini kile chenye jalada la kitambaa cha kijani, nilichokijalidi kwa mkono wangu.

“Kisimamishe mezani kwa mgongo, ukiachie.”

Alifanya hivyo huku amenuna. Kikafunguka. Akaanza kusoma kwa sauti, kama anayetafuta kosa kwenye daftari la mwanafunzi. Katika ukurasa ule wachumba walikwisha kuoana zamani. Mume amerudi na hasira zake, anafoka weee kuhusu shamba, na mke anasubiri amalize, kisha anamuuliza kama amekula.

Batilda akasoma tena pale pale, kimyakimya.

“Ni Mama,” akasema.

“Ndiye. Katika hicho cha kufa vizuri nimemtafuta, hayumo.”

Majirani walipofika kusali, walikuta riwaya zangu zote zimerudi rafuni, isipokuwa kile cha kijani. Hicho Batilda aliingia nacho chumbani kwake, na mpaka leo hajakitoa. Kila asubuhi baada ya shikamoo namdai, naye hujibu, “Bado kidogo, Baba.” Sibembelezi; kitabu ni changu na nakitaka. Lakini siku atakayokirudisha, kabla ya neno lolote, nitakisimamisha mezani kwa mgongo na kukiachia, nione sasa kinafunguka wapi.