Vitonge Laini vya Mbwa wa Fundi

Mume wangu alikuwa fundi seremala, na karakana yake ilikuwa uani kwetu, Keko. Mbao zake zililindwa na mbwa mmoja wa rangi ya udongo, mpole kwa kila mtu wa nyumbani hadi aone kamba. Akiiona, anaingia chini ya rundo la mbao, na hapo hatoki kwa kubembelezwa wala kwa matusi.

Jumatatu moja mjumbe wa nyumba kumi alipita akitangaza kwamba Jumamosi bwana mifugo angekuja kwenye uwanja wa shule kuchanja mbwa, kwa sababu ya kichaa. Aliyechanjwa angevalishwa kibati shingoni. Ambaye angeonekana hana kibati wiki inayofuata angepigwa risasi, awe na mwenyewe au asiwe naye.

"Mama watoto," mume wangu akasema, "mtengenezee kitu kitamu. Akishughulika na kula, mie namvisha kamba."

"Nimtengenezee kwa kitu gani?" Nilikuwa nimetoka kwenye foleni ya duka la ushirika na unga wa yanga, ule wa njano ambao wanangu waliula huku wamenuna.

"Wewe utajua."

Huo ndio ulikuwa mchango wake.

Jumanne nilikanda pumba na vichwa vya dagaa vilivyotwangwa, nikavikausha kwenye kikaango. Vilitoka vigumu kama vipande vya tofali. Mbwa alipokea kimoja kwa adabu, akaenda kukitafunia chini ya mbao. Ndipo nikaelewa: kitu kigumu ataondoka nacho. Kilichotakiwa ni kitu laini, asichoweza kukibeba, akilambie palepale mkononi mwangu.

Jumatano nikazidisha maji. Kikawa uji, wakaumaliza kuku.

"Punguza maji," mume wangu akashauri, msasa mkononi.

"Njoo uyapunguze."

Hakuja.

Alhamisi nilichemsha muhogo, nikaenda kuazima kinu kwa bibi jirani yetu, mzaliwa wa mji huu, aliyeufahamu mtaa mzima kwa harufu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umefuata kinu, na unataka kumtwangia mbwa."

"Mbwa mwenyewe hatakigusa, bibi. Ni chakula chake tu."

"Leo chakula, kesho mkia. Kinu hiki natwangia kisamvu, mwanangu. Ponda kwa chupa, ndani ya sufuria lako mwenyewe. Halafu utie mchuzi wa mifupa, usitie maji. Muhogo wa maji haunati."

Iliniudhi kunyimwa kinu. Iliniudhi zaidi kwamba alisema kweli. Nilikwenda sokoni Buguruni kutafuta mifupa, na Ijumaa jioni nikapata vitonge vyenyewe: laini, vinavyoshika vidole, vinavyoganda kwenye kaakaa. Mbwa alisimama mbele yangu akizungusha ulimi, macho nusu yamefumba. Nilimpitishia kamba shingoni na kuitoa mara tatu, hakushtuka. Binti yangu mkubwa alikuwa mlangoni na sahani yake ya ugali wa yanga.

"Mbwa ana mchuzi wa mifupa," akasema. "Sie je?"

Nilimwita mume wangu aje ajifunze.

"Nimeshaona kutoka hapa," akajibu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeshavaa nguo za ofisini, maana siku hiyo tulifanya kazi hadi mchana. Mume wangu alitoka na tonge mkononi na kamba begani, waziwazi. Mbwa akatazama tonge, akatazama kamba, akaingia chini ya mbao.

"Kamba umeiweka begani!"

"Ulitaka niiweke wapi?"

Akalala kifudifudi kwenye vumbi la randa, akimwita kwa sauti tamu ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku za uchumba. Mteja aliyefuata kitanda chake akasimama kumtazama.

"Fundi, unaposa?"

Nilivua viatu. Nikajifunga khanga juu ya nguo za ofisini, nikaficha kamba ndani yake, nikapiga magoti, nikanyoosha mkono wenye tonge. Mbwa akatoka. Kabla hajamaliza kulamba, kamba ilikuwa shingoni. Nikampa mume wangu ncha yake, mbwa akakaa chini, hasogei. Basi nikaenda naye mwenyewe, tonge moja kila kona, hadi uwanjani, ambako mbwa wa watu wengine waliuvamia mkono wangu.

"Mama, ficha hicho chakula!" bwana mifugo akafoka. "Utaniletea vita hapa!"

Alimchoma sindano wakati analamba tonge la mwisho. Kibati kikafungwa, nikamrudisha nyumbani. Ofisini nilifika nimechelewa, nanuka mchuzi wa mifupa, na aliyekaa meza ya jirani akafungua dirisha.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mume wangu karakanani na wateja wawili, mkono wake umetulia juu ya shingo ya mbwa, anawaonyesha kibati.

"Huyu ana akili," alikuwa anasema. "Ni kumzoea tu. Mie nilimwonyesha kamba mara moja."

Nilifungua mdomo nimjibu. Mbwa akachomoka chini ya mkono wake, akaja kunusa vidole vyangu.

"Ana njaa huyo," mume wangu akasema. "Hukumtengenezea vingine?"