Nilivyoiringia Saa

Kuangaliwa nikiwa kazini sipendi, lakini nikishaangaliwa, naringa. Ndiyo kasoro yangu.

Basi akaja dada mmoja wa chuo kikuu kwenye idara yetu ya dharura, hapa Dodoma, na saa ya kuhesabia na kompyuta yake. Akaniamkia vizuri, akaeleza: atapima dakika ninazotumia kwa kila mgonjwa pale mapokezi, aziingize kwenye kompyuta, iigize idara nzima, tuone pa kuongeza watu na pa kupunguza. Mimi nilichosikia ni "atapima" tu.

Weee! Siku tatu niliichapa kazi. Salamu nikazikata, chai sikunywa, chooni sikwenda. Bibi wa Kondoa akianza kunisimulia safari, nishamfunga kipimo cha presha. Muuguzi mwenzangu, tuliyekaa naye meza moja miaka sita, akabaki kunikodolea macho.

"Dada, una nini leo?"

Nikamwambia aniache.

Wiki iliyofuata tukaitwa kwa mkuu wa idara. Kwenye kompyuta wagonjwa ni vidoti vyekundu, mimi kidoti cha bluu, nahangaika huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nilifurahi jamani! Adhuhuri foleni imekwisha. Kidoti cha pili, yaani mwenzangu, kimesimama tu.

"Kumbe mmoja anatosha," mkuu akasema. "Huyu wa pili tumpeleke wodini."

Mwenzangu akainamisha kichwa. Huyu ndiye aliyenishikia zamu zote nilipofiwa na mama.

"Futeni hiyo," nikasema. "Nilikuwa naringa."

Aibu niliyoiona! Nikaeleza yote, hadi la choo.

Yule dada alicheka mpaka machozi, kisha akaanza upya. Safari hii alikaa benchi la ndugu wa wagonjwa, khanga begani, saa mkobani. Bibi mmoja alisema anaumwa mguu. Nilipomuuliza za nyumbani, za mvua na za ng'ombe, ndipo akataja kifua kinachombana. Dakika hizo zote zikaingia kwenye kompyuta. Walipokiondoa kidoti cha mwenzangu, vyekundu vikajaa mpaka nje ya mlango. Mkuu akakirudisha kwa mkono wake.

Hadi leo nikiinuka kwenda chooni, mwenzangu hutazama saa kwa mbwembwe, wagonjwa wote wakisikia:

"Nenda taratibu, dada. Mimi nipo."