Nilivyofika kwa Wakwe na Kaptula ya Kubana

Mimi nina aibu, na si aibu ndogo kama ya kusahau kufunga zipu kanisani. Aibu yangu inaishi kule juu ya Machakos, inastawi vizuri bila mimi, akina mama wanaisimulia wakikata majani ya ng'ombe, na kama si Odush kuanza kuisambaza hapa Nairobi, mtaani Huruma, akiiongezea chumvi ningeenda nayo kaburini kimya kimya. Basi acheni niiseme mwenyewe, na nyinyi mnaocheka kabla sijaanza, chekeni polepole, iko nyingi.

Odush mnamjua, jirani yangu wa ghorofa ya tano, yule ambaye akinunua hata ufagio lazima ploti nzima ipate hotuba. Alinunua baiskeli ya milimani, magurudumu mapana, springi mbele na springi nyuma, na tangu siku hiyo hakuongea tena lugha ya watu, ni gia, ni breki, ni kofia ya plastiki hata akienda dukani kununua maziwa. Sasa Huruma kuna mlima gani? Mlima wetu ni ngazi, na huo tunaupanda kila jioni tukibeba hizo baiskeli begani, tunafika juu hatuna pumzi, baiskeli ndiyo inalala karibu na kitanda. Lakini Odush akakusanya wanaume wachache wenye vitambi, mimi nikiwemo, akatushawishi nasi tununue baiskeli, akatutangazia kwamba sisi sasa ni kikundi. Watu wazima, mmoja wetu ana mjukuu, tunaruka matuta ya barabarani asubuhi ya Jumapili na kupongezana kama tumeushinda Mlima Kenya! Upuzi mtupu, na mimi nilikuwa mstari wa mbele.

Siku moja Odush akasema mtaani tumemaliza, sasa twende Machakos, mji wa zamani, ule tulioambiwa shuleni kwamba wazungu walikaa hapo kabla hata Nairobi haijawa mji, na juu yake kuna milima ya Iveti yenye vijia vya kuteremka hadi ujute. Wengine wakashangilia mlima. Mimi moyo ulidunda kwa sababu nyingine kabisa, kwa maana milima hiyo ndiyo kwao Mwende.

Mwende ni mchumba wangu, fundi wa nguo pale Kware, na wiki iliyofuata ndiyo nilikuwa nipeleke mbuzi kwao, ile siku Wakamba wanaiita ntheo, ambayo usipoipitia wewe kwao ni mpita njia tu. Nilikuwa sijawahi kukanyaga huko. Wajomba zake walikuwa wamenipigia simu mara kadhaa, kila mmoja na sauti nzito kushinda mwenzake, wakinikumbusha kwamba msichana anatoka boma kubwa, nisije na mchezo. Nami nikajiambia, boma kubwa kivipi? Si niende nilione kwa macho yangu kabla sijaanza kutetemeka? (Mpelelezi mzima, wa kaptula.)

Mwende alikuwa ameshanifundisha sheria. "Mama ukimwona, usimpe mkono. Simama kando ya njia, macho chini, umwache apite. Hiyo ndiyo heshima ya mkwe, Kariuki, hakuna mzaha hapo." Kwetu Wakikuyu pia heshima hiyo ipo, lakini sisi wa Huruma tuliipoteza kitambo, utamkwepa vipi mama mkwe wakati mnakutana naye kwenye ngazi akiwa na ndoo na wewe una taulo? Nikamwambia ndiyo, ndiyo, nimesikia. Na kuhusu safari nikamwambia Jumamosi niko kazini.

Asubuhi ya safari Odush akanitupia kaptula yake kuukuu, nyeusi, ya kubana, yenye kigodoro matakoni. "Vaa hii, buda, jeans itakuchubua. Na ndani usivae kitu. Hiyo ndiyo sheria ya baiskeli." Nikamcheka mpaka machozi, kisha nikaenda chooni nikavaa vile vile alivyosema. Huo ndio ujinga wangu, nacheka jambo huku nalifanya.

Tukapakia baiskeli kwenye pikapu mpaka Machakos, tukaanza kupanda. Sitawadanganya kuhusu kupanda, tulisukuma. Mabibi wenye mizigo ya kuni walitupita wakatupa pole. Tulipofika kwenye ukingo juu, njia ikagawanyika, Odush akaenda kulia na kikundi chake kinachohema, mimi nikasema tangulieni, nachimba dawa kidogo. Nikakata kushoto.

Mwende alikuwa amenielezea kwao mara nyingi, mabati ya buluu chini ya kanisa, na kweli nikayaona. Lo! Boma kubwa lilikuwa nyumba ya vyumba vichache, jiko la udongo lililoegemea upande, ng'ombe mmoja aliyekonda, na kamba ya nguo. Nikacheka kwa sauti peke yangu mlimani. Wajomba wote wale, sauti zote zile, kwa ng'ombe mmoja! Nikaona lazima nipate picha, siku ya mazungumzo nijue ninashindana na nini, na badala ya kushuka kwenye baiskeli kama mtu mwenye akili nikatoa simu kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye breki, huku nateremka.

Ilikuwa breki ya mbele, nikaibana, baiskeli ikanirusha. Mashamba ya kule yamechimbwa ngazi ngazi ili udongo usiporomoke, na mimi nikaporomoka ngazi moja baada ya nyingine, baiskeli kivyake, simu kivyake, nikipitia kwenye mbaazi za watu, na mwisho kabisa kulikuwa na ua wa makonge. Nilikaa juu ya konge. Nikiruka kutoka hapo nikasikia kaptula ya Odush ikipasuka nyuma, mshono wote, juu hadi chini.

"Mwizi!" Mwanamke alikuwa amesimama mbele yangu na panga, na rundo la majani ya nepia miguuni. Kisha akaniona vizuri, akashusha panga. "Woi! Mwanangu, umeumia!" Akatabasamu kwa huruma, nikaona mwanya katikati ya meno, mwanya wa Mwende kabisa kabisa, nikajua nimekwisha.

Yeye hakunijua, simu yake ni kile kidude cha tochi kisichopokea picha. Macho chini, nikajiambia, simama kando ya njia, lakini utasimama wapi na konge limekuingia makalioni? Majirani walikuwa wameitika ule ukelele, akina mama na majembe yao, wamejaa uwanjani. Nikalazwa kifudifudi juu ya gunia, katikati ya boma nililotoka kulicheka, na mama mkwe wangu, mtu ambaye sikupaswa hata kumpa mkono, akaleta koleo la kung'olea misumari, akaanza kunitoa miiba ya konge pale palipopasuka. Niliomba ardhi ifunguke. Nilimwomba Mungu anichukue, nikamkumbusha kwamba nimekuwa nikitoa sadaka, ingawa si kila Jumapili.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Brayo," nikasema kwenye gunia. "Wa Dandora."

"Una mke?"

"Sina."

"Na kwa mavazi haya hutampata," akasema, akina mama wakaangua kicheko. Kisha akavuta mwiba mwingine, akaendelea kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye furaha yake. "Mimi wiki ijayo naletewa mbuzi. Binti yangu amepata kijana huko Nairobi. Sijamwona, lakini nasikia ana heshima sana, akiongea na wajomba kwenye simu hata sauti hapandishi. Tumesiliba jiko upya kwa sababu yake. Nimemwambia baba Mwende, huyu tumpokee kama mtoto wetu, asikie yuko nyumbani."

Jamani, konge halikuniuma kama maneno hayo. Nikageuza shingo nikaliona lile jiko, udongo ulikuwa bado mbichi, na alama za vidole vyake zilionekana ukutani. Nilikuwa nimelicheka. Machozi yakanitoka, naye akadhani ni mwiba, akanipapasa mgongo. "Pole, umebaki mmoja tu."

Nikafikiri, nitaamka, nitashukuru, nitatoweka, na siku ya mbuzi nitakuja na suti, nimenyoa ndevu, hatanitambua. Labda ingewezekana. Lakini Odush, akiwa ameona baiskeli yangu ikining'inia kwenye mti, alikuwa anateremka na kikundi kizima, filimbi inalia, wanaingia bomani na kaptula zao zote za kubana.

"Kariuki! Kumbe umetutangulia kwa wakwe!" Akatazama huku na huku, mabati ya buluu niliyowahi kumsimulia, mwanya kama wa Mwende, akafurahi kama amefumbua fumbo. "Si huyu ndiye mamake Mwende? Mama, shikamoo! Huyu ndiye mkwe wako, tunamlea vizuri huko Huruma!"

Koleo likaanguka. Hakuna aliyecheka. Mama akavuta leso yake ikamfunika uso, akageuka, akaingia zake ndani bila kukimbia, na nikasikia komeo la mlango likifungwa.

Jioni Mwende akanipigia, alikuwa ameshasikia yote. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Nilikuambia usimtazame mama usoni," akasema. "Sikujua ni lazima nikuambie pia usimwonyeshe matako."

"Mwende, nisamehe."

"Mimi sio wa kukusamehe. Mama amekataa kutoka ndani. Anasema mbuzi wakija, hatatoka."

Wajomba wakanitumia ujumbe, safari hii bila sauti nzito, nadhani walishindwa kuzuia kicheko. Kabla ya mbuzi wa ntheo ilibidi kwanza nipeleke mbuzi wa kuosha ile aibu, na siku ikaahirishwa. Nilipeleka. Kwa wiki kadhaa sikujua kama nina mke au sina, nilikuwa nakula chapati hata ladha siisikii.

Siku ilipofika nilivaa suti pana kama ya mchungaji. Uwanja ulijaa, akina mama wote wa majembe wako mbele kabisa, mama mkwe yuko jikoni, mlango umerudishwa. Mzee msemaji wao akasimama, akauliza kama desturi inavyotaka, "Mwende, hawa wageni wanasema wamekufuata wewe. Huyu kijana unamjua?"

Mwende akaikagua suti yangu, mbele na nyuma.

"Namjua," akasema. "Lakini si vizuri kama mama."

Uwanja ukalipuka, wazee wakapigana mabega, mjomba mmoja akakaa chini kabisa, na katikati ya kelele zile nikasikia kicheko kikitoka jikoni, kimebanwa, kimetoroka, kikabanwa tena. Mbuzi wangu wakapokelewa.

Baiskeli nimempa Odush abebe zote mbili kwenye ngazi, kaptula nimeichoma. Nimeapa sitapanda tena mlima wowote kwenda kupima boma la mtu, na kwa wakwe ninaingia kupitia lango, kwa miguu, nikiwa nimevaa kila kitu.